Adhana ya Kwenye Memori

Mlinzi wa shule yetu ana redio ndogo anayoitundika kwenye msumari wa kibanda chake cha getini. Jioni stesheni ikipotea, inabaki ile shshshsh kama mtu anakaanga dagaa kwa mafuta machache. Wenzangu huziba masikio na kumpigia kelele aizime. Mimi mlio huo ukianza koo hunikauka, nikahisi mbao za kirikuu mgongoni na harufu ya gunia la mchele puani, nikawa tena na miaka tisa.

Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, naangalia meza. Ndiyo maana naandika. Haya sijamwambia mtu yeyote bwenini, kwa hiyo wewe unayesoma naomba usinicheke mpaka nifike mwisho.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Misugusugu, Kibaha: mimi, wazazi wangu na Shangazi Tatu, dada yake baba, mwenye genge la mbogamboga kando ya barabara. Ramadhani ile Babu, baba yao, alikuja kutoka Msimbu, Kisarawe, kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia likafungwa bandeji. La kushoto lilikuwa bado linasubiri zamu yake, na kwa hilo alituona kama watu waliosimama nyuma ya pazia. Lakini kufunga hakuacha.

"Baba, mgonjwa ana ruhusa ya kula," Shangazi alimwambia siku ya kumrudisha kwake. "Na msafiri ana ruhusa. Wewe leo unazo zote mbili."

"Niwekee," Babu akajibu. "Nikipata ya tatu nitakula."

Mimi nilikuwa nimefunga pia. Miaka ya nyuma nilikuwa nafunga mpaka adhuhuri, halafu napewa uji na kusifiwa. Siku ile niliapa nitafika magharibi kama watu wazima. Babu aliposikia, akaniita mbele ya wote, "Mke wangu, leo ndiyo umekuwa mke kweli," nikakimbilia nyuma ya mlango kwa aibu.

Tuliondoka baada ya alasiri kwa kirikuu cha Bwana Seif, kigari kile kidogo cha mizigo ambacho injini yake iko chini ya viti vya mbele. Redio ya gari ilishang'olewa, pamebaki tundu na nyaya. Simu ya Bwana Seif ilikuwa imekwisha chaji, na ya Shangazi ikazima kabla hatujafika Soga. Kwa hiyo tulikuwa na redio ya Babu tu, ile ya kushika mkononi yenye antena ndefu na tundu la memori. Shangazi ndiye aliyemnunulia. Memori alipeleka kwa fundi wa kurushia nyimbo, akamwambia amwekee mzee mambo ya mwezi mtukufu, na fundi akajaza kaswida alizozipata, halafu akamalizia na taarabu kwa hiari yake. Babu alijua kitufe kimoja tu, cha kuwashia.

Mbele injini ilikuwa inaichafua redio, inavuma kama nyuki. Ndipo Babu akaipitisha dirishani kwangu mimi niliyekaa nyuma na Shangazi kati ya magunia.

"Mke wangu, macho sina. Wewe ndiye sikio langu. Ukisikia adhana, gonga bati."

Sijui kama nitaeleweka nikisema hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Mimi ambaye hata kutumwa chumvi nilikuwa napewa ndugu wa kunisindikiza! Niliikumbatia redio ile kwa mikono miwili. Antena niliielekeza huku, niliielekeza kule, na mtangazaji akawa anakuja na kuondoka.

Tulipoipita Soga, walipokuwa bado wanajenga reli mpya, tukaingia njia ya vumbi ya kuelekea Kisarawe. Mikorosho, mihogo, nyumba moja moja, kisha pori. Bonde la kwanza mtangazaji akakohoa. Bonde la pili akapotea. Shshshsh. Wingu zito lilikuwa limetanda na kiza kikaingia mapema. Shangazi alikuwa amelala kichwa juu ya gunia. Ulimi wangu ulikuwa kama kitambaa.

Nilibonyeza kitufe cha pembeni, cha kuhamia kwenye memori, kwa ajili ya upweke tu. Nilitaka wimbo mmoja wa kunisahaulisha kiu, kwa sauti ya chini, halafu nirudi kwenye kazi yangu. Zikapita kaswida mbili. Barabara ilikuwa mbaya, tukarushwa, kidole changu kikaminya kitufe cha sauti, na papo hapo kaswida ikaisha, ikaja adhana. Nzuri, ndefu, sauti juu kabisa. Fundi yule alikuwa ameiweka na hiyo.

Shangazi akaamka, akapiga bati kabla sijafumbua mdomo. "Adhana hiyo! Seif, simama! Watu wafungue!"

Gari likasimama. Nani anatafuta saa akishasikia adhana? Bwana Seif alishuka na chupa yake ya maji. Babu alishikwa mkono, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akasoma dua yake taratibu, akala tende. Mimi nilijua. Nataka niandike hivyo hivyo ilivyokuwa: nilijua kabla hajaifikisha tende mdomoni, na nilikuwa na muda wa kusema. Nikaangalia chini. Halafu Bwana Seif akanipa kikombe cha maji, na mimi nikanywa. Nikanywa chote. Sijawahi kunywa maji matamu vile, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Babu alikuwa kwenye tende ya tatu wingu lilipopasuka. Jua likatokea juu ya mikorosho, zima, jekundu, halina haraka yoyote.

Bwana Seif alilitazama, akaitazama chupa yake. "Mzee wangu," akasema polepole, "hili jua mbona halijasikia adhana?"

Babu alilihisi usoni. Akatema kilichokuwa mdomoni, akaweka kikombe chini kwa kupapasa. "Nani ameshika redio?"

Shangazi alikuwa ameshaichukua mapajani kwangu. Aliangalia kile kioo kidogo kinachoonyesha namba ya wimbo, akaniangalia mimi. Sijui aliona nini. Nadhani aliona kila kitu.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Stesheni ilipotea, nikawa nabonyeza bonyeza kuitafuta. Nimeingia kwenye memori bila kujua."

Babu hakuwa mtu wa kufoka, lakini siku ile alifoka. "Tatu! Mtu mzima na akili zako! Nimekaa na njaa na jicho bovu kutwa nzima, unakuja kunifungulisha na nyimbo! Mtoto nimempa kazi ameiweza, wewe unamnyang'anya uiharibu! Hata genge sijui unaliendeshaje." Alisema na mengine, mbele ya Bwana Seif, ambaye alijifanya anakagua tairi. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alisimama na kanga yake akiyapokea yote. "Nisamehe, Baba. Nisamehe." Basi.

Tuliacha kula. Babu akasema siku ile imekwenda na tutailipa, lakini mpaka jua lizame mdomo hautagusa kitu. Tulikaa pale mpaka likazama, na redio haikuwashwa tena hadi Msimbu.

Sasa nikuambie nilichowaza mimi, mtoto mwenye akili ndogo na hesabu kali. Siku tatu mfululizo kabla ya safari nilimwona Shangazi jikoni amegeukia ukuta anakunywa chai mchana. Kwa hiyo nilisema moyoni: ah, kumbe. Yeye anakula Ramadhani kwa kujificha, anajua nimemwona, basi ananifichia ili nimfichie. Tumemalizana. Hesabu hiyo ilinipa usingizi. Sikumshukuru, kwa kuwa niliona na yeye amepata chake.

Niliishi na hesabu hiyo miaka mingi. Mpaka Ramadhani ya mwaka juzi, asubuhi moja nilipokuwa nimejikunja kitandani na tumbo linanikata, Shangazi akaingia na kikombe cha chai ya tangawizi chini ya kanga, akafunga mlango kwa kisigino.

"Kunywa. Siku zako za mwezi hufungi, utazilipa baadaye kama sisi wanawake wote. Ila usinywe mbele ya baba yako, ni heshima tu."

Nilishika kile kikombe hadi kikapoa. Alidhani naona aibu. Kumbe nilikuwa naona ukuta wa jikoni, na mgongo wake, na chai. Hakuwa na siri yoyote ya kunifanya nimfichie. Siku zile hata funga yenyewe hakuwa nayo, hakuharibikiwa na kitu. Alitukanwa barabarani bure, kwa ajili yangu tu.

Likizo iliyofuata niliomba kwenda Msimbu. Babu sasa anaona vizuri, anasoma hata maandishi ya kwenye viberiti. Ilinichukua siku nne. Siku ya nne, tunamenya korosho, nilisema yote bila kuinua kichwa, pamoja na yale maji niliyokunywa huku najua.

Nilingoja afoke. Akaendelea kumenya korosho mbili, tatu. "Tisa," akasema. "Ulikuwa na miaka tisa. Wewe mimi sina neno na wewe." Halafu akainuka. "Lete simu."

Kwake mtandao unapatikana sehemu moja, juu ya kichuguu nyuma ya banda la kuku. Babu alipanda mwenyewe, mimi nimemshika kanzu isinase kwenye miiba. Alipiga, akaweka sauti ya nje kwa kuwa haamini kama simu isiyopiga kelele inafanya kazi.

"Tatu mwanangu. Ile siku ya redio, nilikugombeza mbele ya watu na hukuwa na kosa. Nisamehe."

Mikwaruzo. Kisha sauti ya Shangazi, mbali kidogo: "Siku gani hiyo, Baba? Mimi sikumbuki. Nina wateja hapa, mwambie huyo mtoto asirudi bila korosho." Simu ikakatika.

Babu aliitazama. "Anakumbuka," akasema. "Tatu hajawahi kunikatia simu."

Niliporudi Misugusugu nilimkuta gengeni anapanga mchicha mafungu mafungu. Nilikuwa nimeliandaa njia nzima neno la kumshukuru, likakwama pale pale yanapokwamaga yote. Nikaweka begi chini, nikakaa kando yake, nikaanza kufunga mchicha. Alinisogezea kamba bila kuniangalia. Tukafunga mpaka beseni likaisha, na nadhani alinisikia.