Siku Ng'ombe Walipolamba Mistari ya Uwanja

Jamani, mimi nimewahi kufungwa goli huku nalambwa na ng'ombe, mbele ya mgeni rasmi, na waliokuwepo wengi bado wapo na bado wananiita Chumvi, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu atakayeongeza yake.

Ilikuwa miaka ile soko huria ndiyo linaingia, mimi nasoma chuo kimoja cha kilimo, mifugo na michezo huku juu Ufipa, mbali kidogo na Sumbawanga mjini. Zamani gari la serikali lilikuwa linakuja kuchukua maziwa ya chuo, mara likaanza kuja kwa kubahatisha, mara halikuja kabisa, tukawa tunakunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni mpaka tukayachukia. Mkuu wa chuo akatukusanya akasema wazi kwamba asipopatikana mtu wa kuyabeba maziwa, ng'ombe watauzwa na kozi ya mifugo itafungwa. Ndiyo kozi yangu hiyo. Mimi mtoto wa wavuvi wa Kipili, niliyefika pale sijui kutofautisha mtamba jike na dume maksai (msicheke, kwetu mnyama mkubwa ni mbuzi), nilikuwa nimeshawapenda wale ng'ombe kuliko nilivyotegemea, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwa mbwembwe zote kwamba nitarudi bwana mifugo.

Mwalimu wetu wa mifugo alikuwa Mwalimu Sinkala, mama mpole ila hacheki ovyo. Kila Jumamosi alinipa mimi zamu ya kuwapa ng'ombe chumvi. Pale chuoni chumvi haikuwekwa kwenye chombo, maana wakubwa wanawasukuma wadogo. Ilimwagwa chini, mstari mrefu mweupe, kila mmoja asimame pake alambe. Kuwaita ni kwa mluzi, na mimi mluzi siwezi, jino langu la mbele liliondoka na kasia nikiwa mdogo, basi nikawa naazima filimbi ya stoo ya michezo. Nikipuliza tu, wanakuja mbio.

Basi Mkuu akampata mfanyabiashara wa mjini, Mzee Hilali, mwenye maduka na lori la kwenda Kasanga, akamwalika aje Jumamosi, atazame mpira kwanza, sisi na vijana wa Mazwi, halafu apelekwe zizini akaone ng'ombe. Mimi nilikuwa kipa, tena nikapewa na kazi ya kuchora uwanja. Siku zote tulichora kwa majivu, lakini upepo wa huku mwezi wa saba mnaujua, nachora mstari, nikigeuka haupo. Nikawaza, na hapa ndipo nilipojiponza, kwamba nikichanganya majivu na chumvi ya mifugo na maji kidogo, si vitashikana? Nikamwomba Mwalimu Sinkala ufunguo wa stoo ya chumvi, akanipa bila kuuliza. Vikashikana kweli. Mistari ikang'aa, nikajifutia mikono kwenye jezi, nikajiona fundi. Kwamba leo ni Jumamosi, na kwamba refa atapewa filimbi ile ile, hilo halikunijia kabisa.

Refa akapuliza, mpira ukaanza. Muda si mrefu nikaona wenzangu wanatazama nyuma ya goli langu, na mgeni rasmi ameinuka kwenye kiti. Nikageuka. Kundi zima limetoka malishoni linakuja mbio, likaingia uwanjani, halafu kwa adabu kabisa kila ng'ombe akatafuta pake kwenye mstari, akainamisha kichwa, akaanza kulamba. Refa akapuliza ili kuwafukuza, na kila akipuliza waliochelewa wanaongeza mwendo. Nikapaza sauti, "Refa, acha filimbi!" Akadhani nabishana naye, akanipa kadi ya njano.

Ng'ombe mmoja, Pendo, niliyemlea tangu ndama, akaachana na mstari akaja moja kwa moja kwangu, maana jezi ilikuwa imejaa chumvi, akanibana kwenye nguzo ya goli akaanza kunilamba kifua (ulimi wa ng'ombe ni msasa, nawaambia). Kijana mmoja wa Mazwi asiye na huruma akaupitisha mpira katikati ya ng'ombe, akapiga. Nikauona ukiingia, siwezi hata kunyoosha mkono.

"Goli halali," refa akasema. "Kipa si yupo golini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Mkuu. Alikuja hadi golini, akauliza kwa sauti ya chini nani kafanya hivi. Nikasema ni mimi.

"Kesho funga mizigo yako," akaniambia.

Nilitaka kulia, kweli. Ndipo Mwalimu Sinkala akasogea, akasimama kando yangu. "Basi na mimi nifunge, Mkuu. Ufunguo nilitoa mimi, na sikuuliza wa nini." Na hakuna aliyemlazimisha.

Mzee Hilali naye akafika, anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa kanzu. Nikamwamkia shikamoo, nimelowa mate ya ng'ombe mpaka shingoni.

"Marahaba. Ng'ombe hawa umewaita wewe?"

"Hapana, mzee. Kawaita refa."

Akacheka tena mpaka akashika nguzo ya goli. Kisha akamgeukia Mkuu. "Nimezunguka kwingi kutafuta maziwa, ng'ombe wakimwona mtu wanahama. Hawa wanamkimbilia. Anayewatunza namna hii hawezi kunitilia maji kwenye maziwa. Lori litakuja Jumatatu. Ila huyu kijana nimkute."

Alinikuta. Ng'ombe hawakuuzwa, kozi haikufungwa, na mechi zote zilizofuata refa alitumia kengele ya bwalo. Siku ya mahafali Mwalimu Sinkala aliniita pembeni akanikabidhi ile filimbi, akasema chuo hakiitaki tena, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka hadi meno ya nyuma.

Nawashukuru Mwalimu Sinkala na Mzee Hilali kila nikivaa gamboti zangu za ubwana mifugo. Uwanja sijachora tena na sitachora. Na filimbi ya refa ikilia popote nilipo, mimi natazama nyuma kwanza.