Kwenda Kalemie na Vero, Mrusha Sahani

Ninyi jamaa wa Kirungu mmeniuliza sana, basi niandike mara moja nipumzike. Tulikwenda Kalemie kwa sababu dada yangu mdogo, Vero, alirusha sahani ya bukari, ule ugali wetu, ikamgonga katekista kifuani. Vero ni mtu mzima, hasemi tangu azaliwe, na wageni wakijaa nyumbani hurusha chochote alicho nacho. Kaka yetu mkubwa, Silvestri, akakata neno: akirusha tena mbele ya wageni, atapelekwa kwenye nyumba ya maombi, kule wanakofunga watu kamba. Mimi kamba siipendi hata kwa mbuzi, nikaona nimtafutie msaada Kalemie.

Asubuhi tukashuka Moba kwa pikipiki, Vero katikati, mimi nyuma nimeshika kofia. Dereva ni wa ukoo wa yule aliyeuza ng'ombe mmoja mara mbili, lakini hiyo tuiache. Vero alicheka njia nzima. Kwenye boti ziwa lilitulia, na aliyetapika ni mimi. Vero akanipangusa mdomo kwa kitenge chake.

Kufika Kalemie akatupokea Josefina, binti wa marehemu ndugu yangu. Huyu anasoma masta chuo kikuu, ile ya kusaidia watu wenye tabia ngumu bila kuwapiga wala kuwafunga. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilitegemea kuona dawa. Hakuna. Majirani wakaja kutusalimu mpaka sebule ikajaa, Josefina akakaa pembeni anamtazama Vero tu. Nikasema moyoni, kumbe hata kutazama kunasomewa.

Mara sahani ikaruka. Nikamshika Vero mkono, nikamtoa uani kama tunavyofanya siku zote. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, ametulia kama askofu.

Josefina akatufuata. "Papa mukubwa, akirusha munamufanya nini?"

"Tunamutosha inje."

"Na akiinuka mwenyewe, bila kurusha?"

"Tunamurudisha kwenye kiti. Wageni wako ndani, ni adabu."

"Basi sahani ndiyo mulango yake ya kutokea," akasema. "Makelele inamuchokesha, na mulimufungia njia ingine yote."



Kazi ikaanza. Josefina alimfundisha Vero kuweka kiganja kifuani anapotaka kutoka. Mwanzoni alimwongoza mkono, halafu akamwacha. Kila akiweka, anatolewa nje palepale. Ili ajizoeze kelele ilitakiwa, basi jirani Mama Zaituni, ambaye watu wake walikuwa wafanyabiashara wa ziwani, akajitolea. Alisema yeye kelele amezaliwa nayo, na kweli hakudanganya. Vero akashika somo upesi.

Shida ikawa mimi. Siku moja nilikuwa nasimulia habari ya yule ng'ombe, nimefika kwenye utamu, Vero akaweka kiganja. Nikamwambia angojee kidogo. Akarusha sahani yangu ya chakula, samaki akaishia ukutani.

"Papa mukubwa," Josefina akasema, "Vero amekwisha kujua. Sasa tunakufundisha wewe."

Jioni alizungumza na profesa wake kwenye simu. Nikasikia wananitaja mimi zaidi kuliko Vero.

Tuliporudi Kirungu, Jumapili Silvestri akaita wazee wote aone mwenyewe. Mnajua kwetu mkubwa akisimama kusema, hata kukohoa ni kosa. Akasimama, akaanzia kwa babu zetu, kwa sauti ya kujaza nyumba. Vero alikuwa ameshika sahani. Nikaona vidole vinakaza. Kisha mkono wa pili ukapanda polepole, kiganja kifuani.

Nikainuka. "Kaka, ngoja. Vero anaomba kutoka."

Vero akaweka sahani chini, tukapita mbele ya wazee mpaka uani. Niliporudi Silvestri alikuwa bado amesimama.

"Kwa hiyo umeenda Kalemie kujifunza kunikata maneno?"

"Ndiyo, kaka. Na ilinichukua muda mrefu kuliko Vero."

Wazee wakajizuia kucheka, wakashindwa. Silvestri akaketi, ya kamba hakuyasema.

Nilichojifunza ni kwamba mtu asiyesema anaweza kuwa amesema siku zote, sisi ndio tuliosubiri sahani. Jumapili iliyofuata wageni walijaa tena. Silvestri alikuwa amefika kwa babu wa tatu, akauona mkono wa Vero. Akanyamaza katikati ya sentensi, akaenda mwenyewe kumfungulia mlango.