Pole Aliyoitoa Mama Uwanjani

Juzi niliona kwenye televisheni mrushaji mkongwe wa besiboli akiagwa anapostaafu. Walimsifu kwamba miaka yote hakuwahi kumpa pole mpigaji aliyegongwa na mpira wake. Nikasikia tena harufu ya nyasi na soseji za kuchoma, pale Ingleburn ughaibuni, nilikocheza besiboli utotoni.

Alasiri moja nikiwa mrushaji, mpira wangu ulimpiga begani msichana aliyekuwa zamu ya kupiga, pu! Mama akaingia uwanjani na kanga yake, refa akimpigia kelele. Akampa pole mtoto, akampa na mama yake. Nilidhani amekuja kunirudisha nyumbani kwa aibu, nikaanza kuvua glavu.

Alipofika kwangu akasema, “Vaa. Pole nimeshatoa mimi. Wewe rusha vilevile.”

Nikarusha. Mpigaji aliyefuata alisogea nyuma hatua mbili.