Jirani Aliyekalia Mikono Yake

Jirani yangu wa mlango wa pili anasomea ushauri nasaha, na sisi wapangaji ndio watu wake wa kufanyia mazoezi. Mikono yake haitulii: atakunyooshea kola, atakutoa uzi begani, na sentensi yako ataimalizia hujafika hata nusu. Mwalimu wake kamwambia achague njia moja ya kufanyia kazi. Kuna ile ya kumpa mtu mazoezi akafanye nyumbani, na kuna ile ya kumsikiliza mpaka ajijibu mwenyewe. "Ya kusikiliza huiwezi, mama, una mdomo," alimwambia, darasa zima likacheka. Basi yeye akaing'ang'ania hiyo hiyo.

Jana kaniweka kwenye kiti, akakalia viganja vyake, akasema, "Haya, kaka, nakusikiliza." Nikaanza habari za mzee wangu, kwamba tangu niache shule hatusalimiani. Nikakwama. Nilijua ushauri unamwasha kooni, maana midomo ilimcheza na mishipa ikamtoka shingoni. Birika likafoka, maji yakazima jiko, wala hakuinuka. Kimya kile kilinisukuma mpaka nikasema nisichowahi kumwambia mtu: kila jioni napita nyuma ya nyumba ya mzee, nimsikie tu akikohoa. Akavuta pumzi ndefu. Nikamwambia, "Dada, njia hii itakuua. Chukua ile ya mazoezi, umezaliwa nayo." Akatikisa kichwa, viganja bado viko chini ya mapaja. "Kesho namwambia mwalimu ni hii. Hebu endelea. Anakohoaje?"