Barua Iliyopitia kwa Msimamizi

Jumamosi nilikuwa nafundisha, chaki iko mkononi, mama wa chai akaingia bila kubisha. "Mwalimu, achana na hiyo ubao. Mutu yako amekufa." Wanafunzi wangu kumi na moja, karibu wote wapagazi wa hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, wakasimama kwa pamoja. Wasomaji mnaonifuata hapa mnajua mimi sina subira ya kuzunguka jambo, basi nalisema moja kwa moja: mwanafunzi wangu mmoja alipigwa Jumanne kwenye stoo ya kahawa, akatapika damu siku nne, akafa. Jina lake sitaji, mjane wake bado anaishi hapa mpakani na anaogopa.

Alitoka upande wa Butembo, Kongo, alikimbia bunduki. Kule alikuwa na duka la vitambaa, Kifaransa alikijua vizuri, hapa akawa mtu wa kubeba magunia. "Kule nilikuwa mutu, mwalimu. Huku niko mugongo tu." Darasa langu liko nyuma ya kanisa, na sifundishi Kiingereza cha mtihani. Nafundisha kile cha kazini: kuandika ripoti, kuomba ruhusa, kulalamika kwa adabu. Wengine wanataka waende Mweya kupokea watalii hotelini. Yeye alitaka meza ya karani wa mzani, kwa sababu mgongo ulikuwa unakwisha. Kila asubuhi aliandika maneno matano kwenye mkono kwa kalamu. Kabla ya saa sita jasho lilikuwa limeyafuta yote, kwa hiyo ilibidi yawe yameingia kichwani. Wenzake walimcheka wakimwita bosi, "Eh, patron! Gunia haisikie Kizungu!" Naye anajibu chini ya mzigo, "Gunia haisikie, lakini meneja anasikia."

Msimamizi wa ile stoo alikuwa mwanajeshi zamani, wote wanamwita afande, na anatembea na kipande cha mpira wa maji. Gunia likipasuka, mtu anapigwa. Wiki mbili zilizopita alimpiga mzee mmoja wa Karambi mpaka sikio likatoa damu, kwa ajili ya gunia moja lililopasuka. Jioni hiyo marehemu alikuja kwangu. "Banapiga muzee kama punda, na sisi tunaangalia. Mi nitaandika kwa meneja. Nisaidie tu maneno ikae sawa." Aliandika vizuri kuliko nilivyomfundisha. Kulikuwa na kosa moja tu, au mimi niliona ni kosa: barua ilienda kwa meneja moja kwa moja. Nikachukua kalamu nyekundu nikaongeza mstari ule tunaoandika kwenye kila barua ya ofisi katika nchi hii, wa kusema barua inapitia kwa mkubwa wako wa kazi. Akaniangalia. "Lakini mwalimu, ni yeye ndiye anapiga." Nikamjibu haraka, "Kaka, ofisi haiendi hivyo. Bila huo mstari watairudisha. Fuata utaratibu." Hakuinakili upya, aliipeleka hivyo hivyo na wino wangu mwekundu. Meneja huyo huja kutoka Kasese kila Alhamisi, anakunywa chai pale pale getini. Ungeweza kumwekea barua mkononi na kikombe chake hakijapoa.

Jumanne nilikwenda pale getini kwa mama wa chai, nilitaka kuona barua ya mwanafunzi wangu inavyopokelewa. Afande alitoka nayo nje, imefunguliwa. "Wote, simama mustari! Wewe Mukongo, kuja hapa. Soma!" Akasoma. Sauti haikutetemeka, na matamshi yalikuwa safi. Afande akaweka kidole kwenye karatasi. "Hii *kindly*, maana yake nini?" "Ni kuomba kwa heshima, afande." Mpira ukashuka mgongoni. "Na hii, *assault*?" "Ni kupiga mutu, afande." "Kama hivi?" Mpira ukashuka usoni. "Na huu mustari hapa juu, wa nyekundu?" "Ni kusema barua inapita kwako, afande." "Basi imefika!" Akatupa mpira akaanza na buti. Nilisikia mbavu zikivunjika. Mama wa chai alilia, "Yesu, anamuua!" Halafu afande akamwinamia, anahema. "Hii Kizungu haikutoka Kongo. Nani alikufundisha? Sema!" Alikuwa amelala na uso upande wa geti, aliniona kabisa. Akafumba macho. "Nilijifundisha mwenyewe, afande." Buti likarudi tena. Na mimi, mwenye maneno mengi, nilishika kikombe changu nikanyamaza.

Wahenga walishakataza kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mimi nilimpelekea nyani mwenyewe, nikamfungulia na bahasha. Shuleni mstari ule nilipata nao maksi zote, hakuna aliyeniambia umetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo mkubwa hana mpira mkononi. Tukiwapa watu maneno ya ofisi na desturi za ofisi pamoja, bila kuangalia nani anakaa mlangoni, tunawafunga mikono sisi wenyewe. Baada ya mazishi tulipiga simu ofisi kubwa ya kampuni. Walisema wamesikitika, tuandike maelezo, na maelezo yapitie kwa msimamizi.

Leo ubaoni nimeufuta ule mstari. Wapagazi wangu wanajifunza kwamba barua ya mtu aliyepigwa inabebwa kwa mkono, na watu wawili wa kushuhudia, mpaka kwa yule asiyeshika fimbo. Barua ya kifo hiki tayari tumeibeba hivyo hadi Kasese, mimi na mama wa chai na mzee wa Karambi, na jina langu ndilo la kwanza chini yake. Nawe afande, najua gazeti hili linafika pale stoo, mnafungia chapati. Uliuliza swali Jumanne, na mtu alikufa bila kukuambia ukweli. Ni mimi niliyemfundisha.