Mkono Mmoja Mkutanoni

Rafiki yangu wa dawati, darasa la tatu, alikuwa binti wa wafugaji. Alivaa shanga mkono wa kushoto, na mwalimu alimruhusu kwa sharti kwamba zisilie wakati wa somo. Zililia kila siku. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa, njia ya kwenda Tindiga, na yeye alitokea ng'ambo ya mfereji wa zamani wa shamba la mkonge. Mfereji wenyewe ulikauka zamani, mbuzi wakawa wanalala humo, lakini kwenye karatasi za serikali ndio uliokuwa mpaka. Mtoto wa huku alisoma kwetu. Mtoto wa kule alisoma shule ya kule, yenye vyumba viwili na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alipohamishwa bila kuletwa mwingine, watoto wa maboma ya wafugaji wakaletwa kwetu kwa muda, na rafiki yangu alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Shamba la mkonge lilikuwa limekufa, maduka ya Magomeni, mtaa wa pale pale Kilosa, yamejaa sabuni na mitumba, na shule zimekuwa za kuchangia. Madarasa yetu mapya wazazi waliyafyatulia matofali wenyewe, wakayachoma, wakayabeba. Nayasema haya nisije nikawaonea. Lakini babu zetu wote walifika kwa treni, huyu kukata mkonge, yule kutandika reli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kaburi la babu wa babu yake pale. Mtu akishafyatua tofali, basi, hujiona mwenyeji tangu Adamu.

Afisa elimu wa kata, mama mmoja mfupi asiyeogopa mtu, akaleta wazo kwamba mfereji usiwe mpaka tena. Shule zote mbili zipate walimu, na kila moja ipokee watoto wa pande zote. "Hawa wakulima na wafugaji wanakutana wapi?" aliuliza. "Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, basi. Wakutane darasani kwanza."

Watu walimjia juu. Matofali tumefyatua sisi. Mwanangu akasome kwenye vyumba viwili na nzi? Mwingine alisema watoto wale wananuka maziwa, na hakuna aliyemkemea. Ni kweli, rafiki yangu alinukia moshi na maziwa. Pia alijua hesabu kuliko watoto wa wote waliokuwa wakipiga kelele, na mimi nilikuwa nikinakili kwake.

Ikapangwa siku ya mkutano wa hadhara, uamuzi kwa kunyoosha mikono. Mpaka ukihama, rafiki yangu anabaki dawatini. Usipohama, anarudi kwenye shule isiyo na mwalimu.

Wafugaji walikuja wengi kuliko tulivyowahi kuwaona, wamejaa upande mzima wa uwanja wa shule, wanaume wameegemea fimbo, akina mama na watoto mgongoni. Walikuwa wengi kutuzidi. Nilifurahi mno. Mbele yao alikuwepo babu yake rafiki yangu. Kwao mtoto humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye hukigusa kwa kiganja. Mimi nilishajifunza, na kila nilipokwenda kunywa maziwa bomani mzee yule alinigusa utosini kama mjukuu wake.

Alisema maneno machache tu. "Hawa watoto wameshazoeana. Ndama waliozoeana ukiwatenga, wote wawili hawali." Akakaa.

Mwenyekiti akasema wanaotaka mpaka uhame wanyooshe mikono. Upande wetu ilinyooka michache, wa mama yangu ukiwemo. Upande wao mzee alisimama taratibu, akainua mkono wenye fimbo. Wengine wote wakamtazama, wametulia, wameridhika. Hakuna mwingine aliyenyoosha.

Mimi nilijua kwa nini, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amenieleza. Jana yake walishinda bomani wakizungumza mpaka wote wakakubaliana, kisha neno lao wakamkabidhi babu. Neno likishakabidhiwa, kunyoosha mkono wako kando ya mkono wake ni kumwambia humwamini.

Aliyehesabu alikuwa baba yangu, katibu wa kamati ya shule. Na baba alijua pia. Alikuwa akinunua ng'ombe kwao kila mwaka. Alifika mbele ya mzee, akasimama, akawatazama watu wote wale nyuma yake. Kisha akasema, "Mmoja," akapita.

Mwenyekiti hakuuliza hata wanaokataa, maana mikono haikufika nusu ya watu; akasema matokeo yatabandikwa ofisi ya kata. Wafugaji waliondoka wakicheka. Mzee wao alikuwa amesema, na hakuna mtu aliyesimama kumpinga.

Nyumbani mama alimuuliza, "Ulipokwenda kununua ng'ombe wa mahari ya mdogo wako, nani aliongea? Si yule mzee peke yake, na wenzake kimya? Mbona siku ile hukusema umeuziwa na mtu mmoja?"

"Sheria inasema mikono," baba akajibu. "Mkono mmoja ni mkono mmoja."

Nilimpenda baba yangu, na usiku ule nilimchukia.

Shule zilipofunguliwa Januari, siku ambayo kila mwanafunzi huja na fagio na dumu la maji, walikuja. Watoto wote wa maboma, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, mafagio mkononi. Babu mbele yao akiswaga dume la ng'ombe, mchango wa shule. Mwalimu mkuu akatuma aitwe baba.

"Shikamoo, mzee," baba alisema, bila kumtazama usoni.

"Marahaba."

"Mzee, ule mkutano ulikataa."

"Nani alikataa? Niliinua mkono, ukaniona."

"Nilikuona. Lakini kwa sheria ule ni mkono wa mtu mmoja."

Mzee aligeuka akawatazama wale watoto, akamrudia baba. "Mimi na uzee huu sikuja kusoma. Sasa ule mkono ulikuwa wa nani?"

 Baba amekufa hajajibu.

Mzee akaligeuza dume. Alipopita karibu yangu niliinamisha kichwa, nikidhani hatanigusa. Alinigusa. Rafiki yangu alikwenda mpaka kwenye pipa la shule, akamimina maji yake yote kama tulivyofanya sisi wengine, akamfuata babu na dumu tupu. Sikumwona tena. Hata leo basi likisimama Mikumi mimi huwachungulia dirishani wanawake wa rika langu wenye shanga, wanaouza dawa za mizizi kando ya barabara, na basi huondoka.

Mchana ule ilikuwa zamu yetu kumwagilia maua. Nilichota kwenye pipa lile nikamwagilia huku nalia, na mwalimu wa zamu akauliza nani kanichapa.