Nyonga ya Mama Mkwe Kwenye Taa ya Daktari

Nina miaka sitini na tisa, na bado nikiikumbuka siku ile masikio yananiwaka, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana Kisangani nzima inaijua habari hii na kila mmoja ameiongezea chumvi yake.

Nyonga ya kulia iliniuma karibu mwaka mzima, hadi sikuweza tena kunyanyua mguu kuingia kwenye pirogi, mtumbwi wetu, nivuke mto niende shambani kwangu Lubunga. Daktari akataka picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, aone kama sindano ya kortizoni, dawa ya kutuliza maumivu ya kiungo, itanisaidia. Nikapigwa picha, nikaiinua juani mlangoni (sikusoma zaidi ya sekondari, lakini hili lilikuwa wazi): kushoto mifupa ina nafasi, kulia imegandana. Jirani yangu Anselme, ambaye hajawahi kukosa jibu, akatikisa kichwa.

"Tonton, mufupa ikilika hivi wanakatala sindano. Wanakupasua tu."

Kupasuliwa. Usingizi ukanihama. Basi nikafungua sanduku la mke wangu Mado, ambamo kulikuwa na picha ya zamani ya mama yake, aliyopigwa siku alipoteleza bandarini na ikaonekana hajavunjika popote: nyonga nzuri, ya duara kabisa. Nikakata kwa mkasi pembe yenye jina, nikaitia picha hiyo kwenye bahasha yangu badala ya yangu. (Mifupa ni mifupa, nilijiambia.) Mimi huyu, ambaye mbele ya bokilo, yaani mama mkwe, huinamisha macho na sijawahi kula naye meza moja.

Daktari alikuwa na wanafunzi watatu. Akaibandika picha kwenye taa, akanigeukia.

"Papa, unavalaka kikwembe?"

Nikasema hapana, kikwembe ni kitenge wanachojifunga wanawake.

"Alors hii pini ya kiunoni inafanya nini hapa? Na hii nyonga ni ya mwanamuke."

Wanafunzi wakasogea karibu kutazama. Nyuma yangu Mado, aliyenisindikiza bila kujua lolote, akasimama.

"Ile pini ni ya mama yangu."

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akaifunika picha. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Nilikuwa nimemvua nguo mama mkwe, hadi mifupa, mbele ya vijana.

Daktari akazima taa, akaniuliza kwa nini nilificha yangu, nikamweleza.

"Papa, picha peke yake haiwezi kuniambia sindano itakusaidia namna gani. Kuko watu mufupa imelika na wanapata nafuu, kuko wengine picha yao iko muzuri na hawapate kitu. Ungeleta yako, ningekupiga sindano leo."

Wiki iliyofuata nikaileta yangu, nikapigwa sindano, na baada ya siku chache maumivu yakapungua. Siku ya kwanza mguu uliponyanyuka kuingia kwenye pirogi, sikwenda shambani. Nilikwenda na Mado, mbuzi na kikwembe kipya, nikapiga magoti mlangoni kwa bokilo, macho chini. Hakutoka. Sauti ikaja nyuma ya pazia.

"Mukwe."

"Mama."

"Nyonga yangu ilikuponesha?"

"Hapana, mama. Nimepona kwa yangu."

"Bon. Siku ingine utembee na yako."

Ndivyo nifanyavyo. Na sanduku la Mado siligusi tena, hata kulifuta vumbi.